Daftari la Ajali

Daftari hili lina safu tano:
tarehe, jina, ajali, tiba, siku za kukosa kazi.
Nalitunza mwaka wa kumi na moja huu, hapa Gongoni,
katika ofisi ya mabati kando ya madimbwi ya chumvi,
na mkono wangu umezoea ufupi.

Nyevu Chengo. Koleo. Kidole cha mguu. Siku mbili.
Thoya Birya. Mkanda wa mashine ya kusaga. Mkono.
Akapelekwa Malindi.
Hiyo ya Thoya niliiandika kalamu ikinitoroka;
damu yake bado ipo ukingoni mwa ukurasa,
kahawia sasa, ungedhani ni chai.

Ajali yenye damu ina pa kukaa.
Huingia ikipiga mayowe, imebebwa na watu wanne,
msimamizi mbio akitafuta funguo za gari.
Ipo nyingine haibishi hodi.

Nimwandike vipi Mbeyu Yaa,
nyayo zimepasuka kama tope la kiangazi,
maji ya chumvi yakaingia mipasukoni yakafanya makao?
Usiku hulala miguu imening'inia nje ya kitanda,
shuka isiiguse.
Buti za mpira alipewa mwaka wa kwanza.
Zilipotoboka akaambiwa nyingine ziko njiani.
Njia hiyo sijui inapita wapi.
Na tarehe niweke ipi?
Mguu haukupasuka Jumanne saa nne.

Mwambire alihesabu magunia kwa jicho tu,
akiwa langoni, asikose hata moja.
Juzi aliniuliza nani yule mwenye leso nyekundu.
Alikuwa mkewe, kamletea uji.
Weupe juu, weupe chini, weupe hadi upeo wa macho,
kutwa, miaka tisa, bila miwani ya jua
wala kofia yenye ukingo.
Kwao wanasema karogwa.

Husemwa mzee ni mtu aliyekula chumvi nyingi.
Hapa chumvi ndiyo iliyokula watu,
nao si wazee.

Yeri, wa banda la kufungia pakiti,
kikohozi chake hunifikia kabla ya king'ora cha asubuhi.
Vumbi lile ni laini, halionekani ila kwenye mwali wa jua,
na leso aliyojifunga puani
ndiyo anayombebea mtoto jioni.

Nilimuuliza msimamizi. Hakukasirika.
"Karani, wewe andika ajali.
Ajali ni ya kampuni. Ugonjwa ni wa mwenyewe."

Mkaguzi alipokuja alifungua daftari,
akapitisha kidole.
"Mwezi mzima, ajali moja! Hongereni."
Akanywa soda, akatia sahihi,
akapewa katoni ya chumvi ya kupeleka nyumbani.
Mbeyu ndiye aliyeibeba hadi garini,
akitembea kwa pembe za nyayo
mithili ya mtu anayekanyaga mayai.
Mkaguzi alimfungulia buti ya gari.
Alimwambia asante, akiangalia katoni.

Usiku ule niligeuza daftari kichwa chini,
nikaanzia ukurasa wa mwisho, nyuma, pasipo safu.

Mbeyu Yaa. Miguu. Tangu lini: tangu.
Siku za kukosa kazi: hakuna. Akikosa, halipwi.
Chanzo: kazi.

Mwambire. Macho yote mawili.
Yeri. Kifua.
Chengo, babake Nyevu, mgongo,
ambaye hata kufunga viatu anafungiwa,
na wa kwanza kuniambia, "Niandike na mimi,"
huku akicheka kama anayetania.

Sasa maandishi yanakuja kutoka pande mbili.
Ya damu mbele, ya kimya nyuma.
Katikati zimebaki kurasa kumi na nane.
Nazihesabu kwa kidole,
maana mistari imeanza kucheza,
na herufi zangu zinazidi kuwa kubwa.

Dirisha la ofisi linatazama madimbwi.
Halijawahi kuwa na pazia.